MTOTO WA MKULIMA ALIYECHUNGULIA NDANI YA KICHWA

Hotuba iliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi



 Ndugu Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumzie elimu na kazi. Nilikaa na barua yake wiki mbili. Nikaona kwamba nikisimama hapa kuwahimiza vijana wasome kwa bidii, nitakuwa narudia maneno ambayo sisi wenyewe tuliambiwa katika bwalo hili hili, na ambayo wengi wetu tuliyasikiliza huku tukinusa maharage kutoka jikoni. Kwa hiyo niliomba ruhusa nizungumzie mtu mmoja tu. Alikuwa mhandisi. Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni mafaili, na mtaona baadaye kwamba mafaili nayo yana sehemu yake katika habari hii.

Nilimfahamu mtu huyo kwa njia ya karatasi ya hospitali. Kaka yangu mkubwa alianguka kutoka juu ya ngazi akiezeka, akapigwa picha ya kichwa kwa mashine ile ambayo sasa watu wote wanaiita siti skani. Katika karatasi ya majibu palikuwa na tarakimu, na mbele ya tarakimu herufi mbili: HU. Mtumishi wa serikali hapendi kuweka saini chini ya herufi asizozielewa, basi nikamwuliza kijana wa chumba cha eksirei. Akanijibu kwa haraka, maana foleni ilikuwa ndefu, kwamba H ile ni jina la mtu: Hounsfield, Mwingereza aliyebuni mashine hii. Kaka alipona, namshukuru Mungu. Lakini jina lile likanikaa, nikaanza kutafuta habari zake.

Godfrey Hounsfield alizaliwa tarehe 28 Agosti 1919 karibu na mji wa Newark, Uingereza, mtoto wa mwisho kati ya watano. Baba yake alikuwa na shamba. Mtoto wa mwisho katika shamba kubwa huachiwa nafasi ya kuzurura, na huyu alizurura kwa namna yake. Alitengeneza vinasa sauti vya umeme. Aliruka kutoka juu ya malundo ya nyasi kavu akiwa na mabawa aliyojiundia. Alichukua mapipa ya lami, akayatia maji na gesi ya asetilini, ile ya mafundi wa kuchomelea, ili aone yatarushwa juu kiasi gani. Na mwenyewe alikiri uzeeni kwamba nusura ajilipue. Walimu wa malezi mliomo humu mnaweza kukadiria viboko.

Darasani hakuwa mtu wa kutajwa siku ya zawadi. Alisoma katika shule ya sekondari ya Magnus pale Newark, na kwa maneno yake mwenyewe masomo yaliyomwamsha ni fizikia na hisabati tu. Mengine aliyaacha yapite. Chuo kikuu hakwenda. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia alijiunga na Jeshi la Anga kwa hiari, akapelekwa kwenye mitambo ya rada, akajifunza, kisha akawa mwalimu wa wengine. Katika muda wake wa ziada aliunda vyombo vya kufundishia, mkubwa mmojawapo wa jeshi akaviona, na baada ya vita mkubwa huyo akamsaidia kupata msaada wa fedha wa kusoma katika chuo cha uhandisi wa umeme cha Faraday House, London. Alitoka na stashahada. Hiyo ndiyo elimu yote ya darasani ya mtu huyu, na naomba vijana wa Kidato cha Nne mnaohesabu pointi mlishike jambo hilo, kwa sababu nitalirudia.

Mwaka 1951 alikuwa tayari katika kampuni ya EMI, kule Hayes. Kampuni hiyo ilijulikana duniani kwa sahani za santuri, lakini ilikuwa pia na maabara kubwa ya umeme na rada. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hounsfield aliongoza kikundi kidogo kilichounda kompyuta iliyoitwa EMIDEC 1100, mojawapo ya zile za mwanzo kujengwa Uingereza kwa kutumia transista badala ya zile taa za kioo za zamani. Kazi ikafaulu. Akapewa nyingine: kutengeneza hifadhi ya kumbukumbu ya kompyuta kwa utando mwembamba sana wa sumaku. Hiyo haikufaulu. Yaani kitaalamu ilikuwa na uhai, lakini kampuni ilipiga hesabu ikaona kwamba haitaleta faida, ikaifuta.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, naomba nisimame kidogo.

Sisi tuliomo katika utumishi tunajua kinachompata mtu ambaye mradi wake umefutwa. Hupewa barua ya uhamisho, au huachwa kwenye chumba chenye meza moja na kalenda ya mwaka jana, mpaka achoke mwenyewe. Hounsfield hakufanyiwa hivyo. Wakubwa wake walimwambia aende akafikiri, arudi na jambo ambalo yeye anaona linafaa kuchunguzwa. Akafikiri. Alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu mashambani na milimani, na mwaka 1967, akiwa anashughulika na swali la jinsi mashine inavyoweza kutambua maumbo, likamjia wazo lifuatalo: ukiwa na sanduku lililofungwa, na ukapitisha miale ndani yake kutoka kila upande, ukaandika kila mara ni kiasi gani kimezuiwa, je, huwezi kujua kilichomo bila kulifungua?

Picha ya eksirei ya kawaida ni kivuli. Mfupa huzuia miale sana, hewa haizuii, na ndiyo maana mkono uliovunjika huonekana vizuri. Lakini ubongo umefunikwa na fuvu, na sehemu zake hutofautiana kidogo mno katika kuzuia miale. Tena kila kitu kimelala juu ya kingine. Ni kama mtu abandike karatasi mia zenye maandishi kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, kisha ajaribu kuisoma ya hamsini. Kabla ya Hounsfield, madaktari waliotafuta uvimbe kichwani mara nyingi iliwabidi kutoa maji ya uti wa mgongo na kuingiza hewa mahali pake, hewa ipande mpaka kwenye nafasi za ubongo ili kivuli chake kionekane. Wagonjwa waliumwa kichwa vibaya na kutapika.

Sasa naomba chaki. Nachora masanduku manne: mawili juu, A na B, mawili chini, C na D. Yamefungwa. Najua tu kwamba mwale uliopita safu ya juu umezuiwa kiasi cha 5, safu ya chini 9. Uliopita kutoka juu kwenda chini upande wa kushoto umezuiwa 6, upande wa kulia 8. Kwa hayo pekee bado huwezi kujua kilichomo. Majibu yanayofaa ni zaidi ya moja. Lakini pitisha mwale mmoja zaidi kwa mshazari, kupitia B na C, upate 7. A na B ni 5, A na C ni 6, B na C ni 7. Kijana wa Kidato cha Pili atakwambia kwamba A ni 2, B ni 3, C ni 4, na kwa hiyo D ni 5. Hakuna sanduku lililofunguliwa. Mwale ule wa mshazari ndio siri ya mashine yote.

Sasa badala ya masanduku manne weka visanduku 80 kwa 80, yaani 6,400, kila kimoja kama milimita tatu za ubongo wa mtu, na badala ya miale mitano weka vipimo 28,800. Kichwa cha binadamu hakiwezi kufanya hesabu hiyo. Kompyuta inaweza, na Hounsfield alikuwa ametoka kujenga kompyuta. Mambo mawili ambayo hayakuwahi kukaa meza moja, chumba cha eksirei na chumba cha kompyuta, yalikutana katika kichwa cha fundi wa rada.

Mashine yake ya kwanza ya majaribio aliijenga juu ya kitako cha mashine ya kukerezea vyuma. Upande mmoja aliweka chanzo cha miale ya gama, upande mwingine kipimo, katikati kitu cha kuchunguzwa kikizungushwa kidogo kidogo. Ilichukua siku tisa kukusanya vipimo 28,000 vya picha moja, na kompyuta kubwa ikahitaji saa mbili na nusu kuvipigia hesabu. Alipobadili akaweka eksirei yenye nguvu, siku tisa zikawa saa tisa.

Akapata ubongo wa maiti uliohifadhiwa katika dawa, na picha ikatoka nzuri kupita matumaini. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda mtu huyu. Mwingine angekimbilia kwa wakubwa na picha ile. Yeye akashuku kwamba dawa ya kuhifadhia ndiyo iliyokuza tofauti zile, na akataka kujua. Akatafuta ubongo mbichi wa ng'ombe kutoka machinjioni, akaupima. Kweli, dawa ilikuwa imempa sifa za bure. Tofauti katika ubongo mbichi zilikuwa ndogo zaidi. Lakini zilikuwapo.

Sasa ninafika kwenye mafaili. Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba mashine hii ililipiwa na bendi ya Beatles, kwa kuwa EMI ndiyo iliyotoa santuri zao na fedha zilikuwa zinamwagika. Hadithi ni tamu, na wapenda muziki wa rika letu wangependa iwe kweli. Lakini waliochambua hesabu zile, na kuzichapisha mwaka 2012, walionyesha kwamba fedha za kampuni zilikuwa chache kuliko zile zilizotolewa na wizara ya afya ya Uingereza. Wakurugenzi wa EMI hawakuwa na hamu ya kuzama katika biashara ya vyombo vya hospitali, ambayo hawakuijua. Hounsfield akaenda wizarani. Huko maofisa, watu wa aina yangu wenye kalamu na masijala, wakamsikiliza mtu asiyekuwa daktari wala msomi wa chuo kikuu akieleza kwamba anaweza kuona ndani ya fuvu kwa hesabu. Wakamkutanisha na madaktari wa eksirei, akiwamo James Ambrose wa hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon. Wakakubali kuchangia gharama. Mahali fulani katika jengo lile kuna dokezo lililoandikwa neno la kukubali, na chini yake saini. Ningelipa nauli kwenda kulitazama.

Tarehe 1 Oktoba 1971 mashine iliyofungwa katika hospitali ile ilimpokea mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Kichwa kiliwekwa katika kofia ya mpira iliyozungukwa na maji, mashine ikapita na kuzunguka, nyuzi moja kwa mara moja hadi 180. Vipimo viliandikwa kwenye utepe wa sumaku, utepe ukapelekwa kwenye kompyuta mbali na hospitali, picha ikarudi. Ilikuwa picha ya vimraba, ya kukwaruza macho, lakini uvimbe ulionekana, duara jeusi. Mpasuaji alipofungua kichwa aliukuta pale pale palipoonyeshwa. Aprili 1972 habari zikatangazwa mbele ya mkutano wa madaktari wa eksirei huko London, na baada ya hapo hospitali zikapigana vikumbo.

Ni haki nimtaje na mwingine, hasa kwa kuwa ni wa bara letu. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924 na kufundisha fizikia Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia madawa yenye mionzi, naye akajitolea siku moja na nusu kwa wiki. Akaona kwamba madaktari wanapanga tiba ya mionzi kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja toka ngozi hadi mfupa, akaanza kutafuta hesabu ya kujua kilichomo ndani. Alijaribu kwa duara la aluminiamu lililozungushiwa mbao. Hesabu ikamletea kasoro katikati ya chuma, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Akaenda kuuliza karakana, akaambiwa kwamba ndiyo, wakati wa kulichonga duara lile kulipachikwa kigingi cha chuma kisichofanana sawasawa na kingine. Hesabu ilikuwa imeona alichoficha fundi! Cormack alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejibu. Mojawapo ya maombi machache ya nakala yalitoka kwa watu wa Uswisi wanaochunguza maporomoko ya theluji. Hounsfield hakuijua kazi hiyo, na wote wawili hawakujua kwamba mwaka 1917 Mwaustria aitwaye Radon alikwisha kuithibitisha hesabu yenyewe, bila kuwa na mashine yoyote ya kuitumia.

Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shahada ya uzamivu. Mwaka huo huo EMI, iliyoshindwa kuhimili mashindano ya makampuni makubwa ya Marekani katika biashara ya mashine iliyoianzisha yenyewe, ilinunuliwa na kampuni ya Thorn, na baadaye biashara ya skana ikaachwa. Hounsfield hakuwa mtu wa kulia juu ya fedha. Hakuoa, kwa miaka mingi hakuwa na nyumba ya kudumu, alipenda kutembea na kupiga piano aliyojifunza mwenyewe, na fedha za tuzo alizitumia kujijengea maabara sebuleni. Alifariki tarehe 12 Agosti 2004. Jina lake limebaki katika kipimo: maji ni sifuri, hewa ni 1000 chini ya sifuri, ubongo ni kama 30 hadi 40, damu iliyoganda ni 60 au zaidi. Tarakimu niliyoiona katika karatasi ya kaka yangu ilikuwa 34. Nilikuwa sijui kwamba nilikuwa nasoma habari njema.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nina la kwangu.

Yapata miaka kumi na tano iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ndogo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Fundi sanifu wa karakana, mwenye cheti tu, alileta ombi. Aliomba miezi mitatu na fedha kidogo, pungufu ya posho ya safari moja ya bosi, atengeneze kifaa cha kuonyesha mafuta yanavyotumika katika majenereta yetu, kwa sababu aliamini kwamba yanaibwa na alidhani anajua namna ya kuliona hilo bila kufungua tangi. Alileta mchoro kwa penseli. Mimi niliandika dokezo. Nakumbuka maneno yake, kwa kuwa yalikuwa machache: "Mwombaji hana sifa za kitaaluma kwa kazi hii. Napendekeza faili lifungwe." Likafungwa. Fundi yule aliacha kazi mwaka uliofuata. Sidai kwamba alikuwa Hounsfield. Huenda kifaa chake kisingefanya kazi hata siku moja. Lakini mimi sikusema hivyo, wala sikuutazama mchoro, nilitazama cheti.

Nilipokuwa nasoma habari za wizara ile ya Uingereza nilikumbuka jambo la pili, na hili linatuhusu sote humu. Mfuko wa Chama chetu unawasaidia vijana wanaotoka hapa kwenda vyuoni. Kanuni ya nne ya Mfuko inasema kwamba mwombaji sharti awe na Divisheni ya Kwanza. Wazee wa kamati watakumbuka ni nani aliyeiandika kanuni hiyo, kwa maneno mazuri, na kuitetea mpaka ikapita. Ni mimi.

Kwa hiyo nimeandaa hoja ya kuirekebisha. Kila mwaka nafasi moja itengwe kwa kijana atakayependekezwa na mwalimu wa maabara pamoja na fundi wa karakana ya shule, bila kuulizwa divisheni. Na akishindwa mwaka wa kwanza, kabla ya kumnyang'anya msaada, Kamati imwite imwulize angependa kujaribu nini baada ya hapo.

Nakala arobaini ziko mezani kwa Ndugu Katibu, karibu na mlango. Ili hoja iingie katika kikao cha alasiri inahitaji saini kumi. Nilipopanda jukwaani ilikuwa na mbili, na moja ni yangu.